Chupa Zinapopoa

Alhamisi ile, ilipofika saa tatu asubuhi, Bi Mvuke alikuwa ameshamwaga mtama uliochemka juu ya shuka jeupe, akawa anaugeuzageuza kwa kiganja ili ukauke ngozi. Mtama wa kuoteshea mbegu za uyoga hutakiwa uwe laini ndani na mkavu nje. Ukipasuka unatoa uji, na uji ni chakula cha kila kidudu. Ukibaki mgumu, uyoga haushiki. Alichukua punje moja, akaifinya kwa kucha, akaona kiini kimeiva na ganda halijafunguka. Akanyunyiza chokaa kidogo, akajaza chupa kumi na mbili hadi mabegani, akaziba kila shingo kwa pamba, akaivika karatasi na kuikaza kwa mpira.

Jina la Bi Mvuke alilipata hospitali. Alikaa miaka kumi na tisa katika chumba cha chini, akichemsha vifaa vya upasuaji, mikasi, koleo na visu, kwenye mashine ya mvuke yenye mlango mzito kama wa sefu ya benki. Aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili. Sababu aliyoandika ilikuwa afya. Haukuwa uongo, maana hakuandika ni afya ya nani.

Alipoanza kuotesha mbegu za uyoga za kuuza, akapata sufuria kubwa ya presha, aliona mikono yake inajua la kufanya bila kuuliza. Alhamisi hiyo aliteka maji, akapanga chupa, akafunga kifuniko. Saa nne mvuke ulianza kupiga mluzi. Alihesabu saa moja na nusu, akaepua, akaiacha sufuria ishushe presha yenyewe. Kisha akapanga chupa juu ya meza iliyopanguswa kwa spiriti, akafunga madirisha, akakataza mtu kufagia. Kupoa ndiko kwenye hatari kuliko kupika. Chupa inapopoa huvuta pumzi. Ile hewa iliyofukuzwa na joto inarudi kupitia kwenye pamba, na chochote kilichomo chumbani kinaweza kurudi nayo. Hakuna njia ya kuharakisha. Unakaa unangoja mpaka chupa ikiguswa shavuni isiunguze, ndipo unapotia kipande cha uyoga.

Saa saba mchana walibisha hodi mlango wa uani. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mchele barazani, ndiye aliyewafungulia. Walikuwa wanawake watano, wamevaa magauni ya kijani ya hospitali yanayofungwa kwa kamba mgongoni, miguu mitupu, kila mmoja na utepe wa plastiki mkononi wenye jina na namba ya kitanda. Wote walikuwa wamekufa mwaka uliopita, ndani ya siku kumi na moja, kwa homa, baada ya kuzaa kwa kupasuliwa.

"Mkwe," mama mkwe aliita, "una wageni."

Bi Mvuke alifika mlangoni. Hakuwahi kuwaona uso kwa uso, kwa kuwa chumba chake kilikuwa chini na wao walilazwa juu, lakini majina aliyajua. Aliyetangulia alikuwa mwalimu wa shule, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake.

"Tumesikia hapa joto linafika."

"Linafika," Bi Mvuke alijibu. "Naweni miguu kwanza."

Wakanawa kwenye bomba la uani, mmoja akimwagia mwenzake, wakaingia wakakaa kwenye benchi. Hawakuomba kitu. Walizitazama zile chupa kama watu wanaotazama mvua dirishani. Ilipogonga saa tisa Bi Mvuke alijaribu chupa ya kwanza shavuni, ikakubali. Wale wanawake wakasimama, wakashukuru, wakaondoka kwa mlango uleule.

Mumewe, fundi redio, aliporudi jioni aliona nyayo zimekaukia sakafuni.

"Nani hawa?"

"Wale wa wodi ya wazazi."

"Wote watano?"

"Wote."

Fundi redio alivua viatu. "Lile benchi lina mguu mmoja mbovu," alisema, na kesho yake akautengeneza.

Alhamisi iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena. Mama mkwe alikuwa mtu wa kwenda na methali neno kwa neno. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nyumbani hapakuwa nalo, kwa hiyo siku ya tatu aliwapa furushi la pamba na kuwaonyesha jinsi ya kuviringisha vizibo.

"Hawali, hawanywi, hawalalamiki," alimwambia mwanawe. "Wangekuwa hivi wageni wa ujanani kwangu, ningekuwa bado na meno yangu yote."

Walikuwa na mikono mizuri. Vizibo vyao havikulegea wala havikubana. Katika chupa kumi na mbili zilizozibwa nao hakuna hata moja iliyoota ukungu wa kijani. Baada ya wiki mbili zote zilikuwa nyeupe pe, kama maziwa yaliyoganda, na wanaootesha uyoga majumbani walianza kuambiana kwamba mbegu za Bi Mvuke haziozi.

Habari hizo ndizo zilizomleta fundi baiskeli.

Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye gresi isiyotoka kwenye mistari ya viganja. Alikuja Alhamisi, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa akifunga kibanda chake mapema. Alieleza mlangoni kwamba ana chumba kitupu nyumbani, kina giza la kutosha na kina unyevu, na mtu amemwambia uyoga hupenda vyumba vya hivyo. Bi Mvuke akamwambia anawe miguu, kama anavyomwambia kila mtu, akamkaribisha ndani.

Mke wa fundi baiskeli alikuwa mmoja wa wale watano, wa pili kutoka dirishani, akiviringisha pamba pajani.

"Umekonda," mkewe alisema.

"Napika mwenyewe."

Fundi baiskeli alikaa kwenye ukingo wa benchi. Mwalimu alisogea kumpisha.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ana meno mawili, ya chini."

"Umemwacha na nani saa hizi?"

"Yuko kwa mama yako. Walimchukua baada ya mazishi. Kile chumba chake ndicho ninachotaka kuotesha uyoga."

Mkewe aliendelea na pamba mpaka akamaliza kizibo alichokishika, ndipo akauliza kwa nini.

"Hospitali waliandika kwamba nilichelewa kukuleta. Mama yako akasema mwanamume aliyechelewa na mke atachelewa na mtoto."

"Hukuchelewa. Tulifika saa mbili asubuhi, tukakaa kwenye benchi la bluu. Ukaenda kuninunulia maji, ukarudi na ya baridi, nikakwambia sitaki ya baridi."

"Ndivyo nilivyokuwa nikikumbuka na mimi," fundi baiskeli alisema. "Lakini siku hizi nilikuwa nimeanza kukumbuka kwamba nilichelewa."

Bi Mvuke alikuwa na chupa iliyo wazi mkononi na taa ya spiriti inawaka mbele yake. Juu ya chupa iliyo wazi mtu haongei, mate ni machafu kuliko vumbi. Aliitia kipande cha uyoga, akairudishia pamba, akaipitisha juu ya moto, akaiweka. Kisha akazima taa.

"Joto halikufika," alisema.

Hakuna aliyegeuka isipokuwa fundi baiskeli.

"Mpira wa mlango wa mashine ulikuwa umeoza, mvuke ukawa unatoka. Mshale unatakiwa ufike mia na ishirini na moja. Ulikuwa unakomea mia na tisa. Nilimwambia daktari mkuu mara mbili. Akasema mpira umeagizwa, wagonjwa wako mezani, niandike mia na ishirini na moja. Nikaandika. Siku kumi na moja niliandika hivyo na kutia sahihi."

Alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, hata kwa mumewe. Alitarajia yatakuwa mazito kuyatoa. Yalitoka kama mtu anavyosoma orodha ya vitu vya sokoni. Alijichunguza aone kama anahisi chochote, akakuta anahisi kwamba goti lake la kulia limekufa ganzi kwa kukaa.

"Sisi tulijua," Mwalimu alisema, si kwa ukali.

Mama mkwe aliuliza kama kuna mtu anataka chai. Hakukuwa na aliyetaka.

Fundi baiskeli alizitazama chupa zilizokuwa tayari, zile za wiki mbili zilizopita. "Nikienda nazo hizi," aliuliza, "nizitie leoleo kwenye majani ya ngano au ningoje?"

"Majani yakiwa yamepoa, tia leoleo. Yakiwa na moto utaziua."

"Sawa."

Akachukua chupa tatu, akamuaga mkewe, akaondoka. Kesho yake asubuhi alirudi amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. "Dada," alimwambia Bi Mvuke, "naomba twende ukaseme vilevile, bila kuongeza wala kupunguza."

Wakaenda hospitali kwa miguu. Daktari mkuu aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na mezani pake kulikuwa na sahani ya chakula cha jana kilichofunikwa kwa sahani nyingine. Bi Mvuke alisema aliyokuja kusema. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama, akateremsha kitabu cha mashine kutoka kabatini, akapangusa vumbi, akakifungua kwenye ukurasa wenyewe. Alijua ulipo.

"Mia na ishirini na moja," alisoma. "Mia na ishirini na moja. Mia na ishirini na moja. Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mama."

"Niliandika uongo, daktari. Kwa amri yako."

"Kitabu kina safu ya tarehe, ya saa, ya joto na ya sahihi. Hakina safu ya uongo, wala ya amri."

Fundi baiskeli akasema kwamba wenyewe wapo, wanakaa jikoni kwa dada huyu kila Alhamisi, mtu anaweza kwenda kuwauliza.

"Najua," daktari alisema. "Walianzia hapa. Walikaa hapo nje wiki nzima. Niliwaeleza kwamba malalamiko hupokelewa na karani, na karani anataka kitambulisho. Hawakuwa nacho. Baadaye nikaviondoa viti." Alikifunga kitabu. "Sisemi kwa ubaya. Hivi mnavyoniona, wodini kuna wanawake wanne wanasubiri kisu. Nikiizima ile mashine niwapeleke wapi? Hospitali nyingine iko mwendo wa saa nne, na gari la wagonjwa halina tairi."

"Na mpira?" Bi Mvuke aliuliza.

"Umeagizwa."

Wakatoka. Bi Mvuke hakujiamulia, lakini miguu yake ilishuka ngazi za chumba cha chini, na fundi baiskeli akafuata. Mashine ilikuwa inaunguruma. Taulo lilikuwa limezungushwa kwenye ukingo wa mlango na mvuke ulikuwa ukitoka kupitia kwenye taulo. Mtumishi mpya, dada mnene mwenye adabu, alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile cha zamani akitafuna karanga. Alisimama kwa heshima alipojua ni nani.

"Shikamoo, Bi Mvuke. Bado wanakutaja hapa."

"Marahaba. Mshale unasoma ngapi?"

"Mia na saba."

"Umeandika ngapi?"

Yule dada aliangalia kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kitabu. "Nina watatu wanaosoma, mama," alisema.

Fundi baiskeli alikuwa ameinama mlangoni. Maisha yake yote alikuwa ameshinda na mipira. Aliinua ncha ya taulo, akaubonyeza ule mpira kwa gumba, ukabaki na alama ya gumba.

"Huu umekufa," alisema.

"Watu wa nje hawaruhusiwi kugusa," yule dada alimwambia kwa upole. Fundi akarudisha taulo lilivyokuwa.

Walitembea hadi kwenye njia panda. Hapo fundi baiskeli akasema kwamba kitabu ni kitabu, lakini mama mkwe wake ni mtu, na mtu akiambiwa na mwanawe wa kumzaa hana budi kusikia. Akasema atamleta Alhamisi.

Alimleta kweli. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amejifunga khanga mbili, anatembea haraka. Mtoto hakuja naye; alisema amemwacha kwa jirani, amelala, na usingizi wa mtoto haukatizwi ovyo. Alinawa miguu. Alisalimiana na mama mkwe wa Bi Mvuke, wakaulizana habari za viungo, wakakuta wote wawili wanasumbuliwa na nyonga ya kushoto. Kisha akakaa mbele ya binti yake.

"Mama," binti alisema, "hakuchelewa."

"Najua, mwanangu. Nilikuwapo kwenye lile benchi. Mimi ndiye niliyekushikia mkoba."

Chupa kumi na mbili zilikuwa mezani, zinapoa. Fundi baiskeli alikuwa na kitambaa mkononi, akizipangusa za wiki iliyopita, na hakuacha kupangusa.

"Sasa mbona ulisema alichelewa?"

"Karatasi ya hospitali ilisema. Mimi nani wa kubishana na karatasi? Na mtoto nilikuwa nimeshamshika." Bibi alizikunja ncha za khanga yake, akazikunjua. "Ameshanizoea. Usiku halali mpaka alishike sikio langu. Nikimrudisha, kwangu nitabaki na nani? Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho."

Binti alichomoa pamba nyingine kwenye furushi.

"Maji yake unachemsha?" aliuliza.

"Nachemsha mpaka yatokote."

"Na unayaacha yapoe kwenye chombo chenye kifuniko?"

"Chenye kifuniko."

"Haya," binti alisema.

Bibi aliona kamba za gauni la mwanawe zimelegea mgongoni. Alinyanyuka, akamzunguka, akazifungua, akazifunga upya kwa mafundo mawili, akazivuta kuona kama zimeshika. Akaketi tena. Saa tisa walipoondoka wale watano aliwasindikiza hadi kwenye bomba, akageuka, akamwambia mkwewe wa kiume kwamba anaweza kuja kumwona mtoto Jumapili, ila asije na mikono ya gresi.

Fundi baiskeli akasema atakuja.

Baada ya hapo maisha yaliendelea. Uyoga wa fundi baiskeli ulikubali. Uliota katika kile chumba kwenye mifuko iliyoning'inia, mashada meupe yenye masikio mapana, na majirani walikuwa wakija na vikapu. Kila Jumapili alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa ndimu, akaenda kumwona mwanawe kwa saa mbili. Kila Alhamisi alikaa benchini kando ya mkewe, wakaongea mambo madogo madogo, kuhusu meno, kuhusu paa linalovuja, kuhusu mtu fulani aliyenunua baiskeli bila breki. Bi Mvuke aliandika barua wizarani, akaeleza siku zote kumi na moja moja baada ya nyingine. Akajibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba barua yake imepokelewa. Aliandika nyingine, nayo ikapokelewa. Mumewe alisema kwa upande wa kupokea hawana mpinzani.

Usiku alilala vizuri, na jambo hilo lilimshangaza kuliko mengine yote. Wakati mwingine, akiwa amelaza shavu kwenye chupa kupima joto, alikaa hivyo kuliko inavyohitajika, akingoja kitu kije, machozi au hasira. Kisichokuja hakisukumwi. Alikuwa anainua kichwa na kushika chupa nyingine.

Msimu wa baridi ulipoanza chupa zilikuwa zinapoa mapema zaidi, na Bi Mvuke alilazimika kuzifunika blanketi ili zisipasuke kwa kupoa ghafla. Alhamisi moja ya msimu huo watano walikuwa wameshaketi, fundi baiskeli ameshafika, pamba imeshagawanywa, hodi ikabishwa tena. Mama mkwe alikwenda kufungua. Walimsikia akiongea na mtu, kisha wakasikia maji ya bomba.

Aliyeingia alikuwa msichana wa miaka ishirini au pungufu. Gauni lake la kijani lilikuwa bado na mikunjo ya kabatini, na wino wa utepe wa mkononi haujafifia. Alisimama katikati ya jiko, akawaangalia wenzake mmoja mmoja.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapa," Mwalimu alisema.

Wakasogea. Bi Mvuke hakumuuliza ni lini wala ni nini kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Alifunua blanketi, akagusa chupa, akafunika tena. Kisha akamuuliza alijifungua nini.

"Wa kiume, wamesema. Mimi sikumwona."

Mama mkwe, aliyekuwa akimtafutia pamba, alisema watoto wa kiume hulia sana miezi ya mwanzo, halafu wanazoea. Msichana akaitikia kwa kichwa, akakaa.